Nani Aliyeteka Maji? Uhakiki wa Chemchemi ya Aganippe ya Carl Milles

Wahakiki wa fasihi wamezoea kuutumia msemo "chemchemi ya ushairi" kama sitiari iliyokwisha kuchakaa, ambayo haihitaji tena kuulizwa inatoka wapi wala inamnywesha nani. Hata hivyo, sitiari hiyo ina umbo la shaba na maji halisi katika mahali pawili duniani, na penye umbo swali haliwezi kuepukwa. Mahali pa kwanza ni Millesgården, nyumba na bustani ya mchongaji Carl Milles katika kisiwa cha Lidingö, kando ya Stockholm, mji mkuu wa Uswidi. Nyumba hiyo leo ni makumbusho. Mahali pa pili ni Brookgreen Gardens katika jimbo la South Carolina, Marekani. Chemchemi yenyewe ni moja, nayo huitwa Aganippe. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba chemchemi hii ni hoja juu ya asili ya sanaa, si pambo tu la bustani. Kwamba hoja hiyo inapendeza macho kuliko inavyoiridhisha akili. Na kwamba upungufu wake hudhihirika upesi kwa mtu anayejaribu kuieleza kwa Kiswahili.

Kwanza habari za msanii, kwa ufupi. Milles alizaliwa mwaka 1875 huko Lagga, karibu na mji wa Uppsala, akaitwa Carl Andersson. Jina Milles lilitokana na lakabu ya baba yake. Kabla ya kuwa mchongaji alijifunza useremala mjini Stockholm. Mwaka 1897 alishika safari ya kwenda Chile ili akaendeshe shule ya mazoezi ya viungo, akapitia Paris, na safari ikakomea hapo. Alikaa Paris hadi mwaka 1904, wakati ambapo hapakuwa na kijana mchongaji aliyeweza kukwepa kivuli cha Auguste Rodin. Mwaka 1905 alimwoa Olga Granner, mchoraji kutoka Graz, Austria. Mwaka uliofuata walinunua kiwanja juu ya jabali la Lidingö, na mwaka 1908 nyumba ikawa tayari. Kuanzia 1931 hadi 1951 waliishi Marekani, Milles akifanya kazi Cranbrook, katika jimbo la Michigan. Lakini bustani ya Lidingö haikuachwa, na mwaka 1936 waliifanya kuwa wakfu kwa ajili ya watu wa Uswidi. Milles alifia huko huko mwezi wa Septemba 1955. Yeye na Olga wamezikwa katika kanisa dogo lililo ndani ya bustani yao.

Bustani imepangwa kwa matabaka yanayoteremka jabalini kuelekea ghuba ya Värtan. Sanamu nyingi zimewekwa juu ya nguzo ndefu, hata mtazamaji hulazimika kuinua kichwa na kuziona dhidi ya mbingu. Kadhaa kati yake ni ndugu wa sanamu zilizoko katika viwanja vya miji: Poseidon, ambaye mwenziwe alisimamishwa Göteborg mwaka 1931, na Europa na fahali wake, ambao wenzao wako Halmstad tangu 1926. Msomi aliyelelewa katika nadharia za sanaa za Ulaya huenda akazidharau sanamu za namna hii, akiziita nakala. Mtafiti wa fasihi simulizi hana sababu ya kufanya hivyo. Yeye amezoea kwamba ngano haina "asili" moja ambayo masimulizi mengine yote ni vivuli vyake. Kila simulizi ni tukio kamili lenye hadhira yake na mahali pake. Shaba iliyosubiwa mara mbili kutokana na kalibu moja haibadiliki maneno, lakini hubadilika hadhira na mahali, na mabadiliko hayo yanatosha kuleta maana mpya. Jambo hili litarudi mbele, kwa sababu Aganippe ya Lidingö na Aganippe ya South Carolina hazisemi jambo lile lile.

Aganippe lilikuwa jina la chemchemi iliyokuwa chini ya mlima Helikoni huko Boyotia, katika nchi ya Wayunani. Lilikuwa vilevile jina la pepo wa kike aliyeikaa chemchemi hiyo. Pausanias, msafiri wa karne ya pili baada ya Kristo, anamtaja kuwa binti wa mto wa pale. Mlima ulikuwa makao ya Mousai, mabinti tisa wa Zeus ambao kila mmoja alisimamia fani yake, na iliaminiwa kwamba anywaye maji ya mahali hapo hujaliwa utunzi. Juu zaidi mlimani palikuwa na chemchemi nyingine, Hippokrene, iliyosemwa kuwa ilibubujika pale Pegasus, farasi mwenye mabawa, alipopiga kwato. Milles alizijua habari hizi vizuri. Pegasus wake, akiruka angani pamoja na mtu, yuko juu ya nguzo katika bustani hiyo hiyo, na mwenziwe yuko Des Moines, Marekani, tangu mwaka 1949.

Sanamu za Aganippe ziliagizwa na Makumbusho ya Metropolitan ya New York, na Milles alizikamilisha mwishoni kabisa mwa maisha yake. Mwanamke, ambaye ndiye chemchemi yenyewe, amejinyoosha ukingoni mwa maji. Mbele yake, juu ya uso wa maji, wamo wanaume watano: mshairi, mwanamuziki, msanifu majengo, mchoraji na mchongaji. Wameshikiliwa na vitegemeo vyembamba, hata mtu akisimama mbali kidogo huwaona kama wanaokimbia juu ya maji bila kulowa. Wameshakunywa, na sasa wanarudi duniani na walichokipata.

Kwa upande wa fani, kazi hii haina budi kusifiwa. Shaba ni nzito. Kuifanya ionekane nyepesi kuliko maji ni ujuzi wa hali ya juu, na Milles aliutafuta ujuzi huo kwa miaka arobaini. Wachongaji wengi wa chemchemi huyatumia maji kama taji: sanamu hukamilika kwanza, kisha maji huongezwa ili yametemete. Kwa Milles maji ni sehemu ya mwili wa kazi. Yakiondolewa, mkimbiaji hana anachokikimbilia wala anachokikwepa. Kutokana na hilo peke yake Aganippe inastahili kuhesabiwa miongoni mwa kazi bora za aina yake katika karne ya ishirini.

Maudhui ndiyo yanayotatiza, na utata wenyewe una pande mbili zinazovutana.

Upande wa kwanza ni wa ushujaa. Wale Mousai tisa wa Wayunani walisimamia tendi, historia, nyimbo, tanzia, futuhi, ngoma, hata elimu ya nyota. Hakuna hata mmoja aliyesimamia uchongaji, wala uchoraji, wala ujenzi. Fani hizo zilihesabiwa kuwa kazi za mikono, kazi za watu wanaotoka jasho na kuchafuka vumbi; mchongaji aliweza kusifiwa kwa kazi yake na bado asipewe heshima ya mshairi. Watano wa Milles wamevunja utaratibu huo. Mshairi na mwanamuziki walikuwa na haki ya kunywa tangu zamani, lakini msanifu, mchoraji na mchongaji wameingia bila kualikwa. Katika watano, watatu ni mafundi. Aliyewaingiza ni mtu aliyeanza maisha kwa kushika randa na msumeno. Hakika hapa pana dai la kitabaka: kwamba fundi naye ni msanii, na maji ya Helikoni ni yake pia.

Upande wa pili unaliharibu dai hilo. Ili fundi akubaliwe mlimani, amelazimika kuacha alama zote za ufundi. Mchongaji wa Aganippe hana vumbi la mawe, hana tindo, hana mgongo uliopinda. Anaelea. Amepandishwa cheo kwa kusahaulishwa kazi. Wala si yeye peke yake aliyesahauliwa. Sanamu ya shaba haitoki mikononi mwa mtu mmoja: msanii hufinyanga umbo, lakini huja mtengeneza kalibu, huja msubu na joto lake, huja wanaosugua na kuunganisha, na mwisho huja fundi wa mabomba. Katika kisa kinachosimuliwa na Aganippe watu hawa hawapo. Pana mtoaji mmoja, naye ni mungu wa kike aliyelala. Na pana wapokeaji wachache, nao ni wateule.

Tena wateule wote ni wanaume. Wayunani, pamoja na dharau yao kwa kazi za mikono, angalau waliwafanya wanawake tisa kuwa wenye elimu na fani. Walijua mambo, hawakuwa maji tu ya kunywewa. Milles amewaondoa tisa hao, akambakisha mwanamke mmoja ambaye kazi yake ni kuwa chanzo. Olga Granner alikuwa mchoraji wa sura za watu kabla ya kuolewa, na baada ya hapo jina lake likafunikwa na la mumewe. Si lazima kudai kwamba Milles alikusudia kumfuta. Inatosha kuona kwamba katika bustani iliyokuwa ya wasanii wawili, chemchemi ya wasanii haina mahali pa mmoja wao, isipokuwa akubali kuwa ndiye yule aliyelala ukingoni.

Yapo pia ya siasa, na si haki kuyapita kimya. Barua za Milles zinaonyesha kwamba aliwahusudu Hitler na Mussolini katika miaka ya utawala wao, ingawa wakati huo alikuwa akiishi Marekani na mwaka 1945 akawa raia wa nchi hiyo. Itakuwa uhakiki wa haraka mno kuutafuta ufashisti katika kila nguzo ya Millesgården. Sanamu nyingi za bustani hiyo zina huruma na hata mzaha. Lakini mtu anayeamini kwamba wachache wamezaliwa ili kuinuliwa juu ya wengine hatapata shida kuamini kwamba sanaa hushuka kutoka juu na kuwaangukia wachache. Imani hizo mbili ni majirani.

Sasa lugha. Neno la kwanza la kuangaliwa ni lile linalotumiwa katika makala haya tangu kichwa chake, yaani chemchemi. Kamusi zimelifanya kuwa tafsiri ya vitu viwili vilivyo tofauti: maji yanayobubujika ardhini yenyewe, na chombo kilichojengwa ili kurusha maji bustanini. Sikio la Mswahili, likisikia chemchemi, husikia chemka. Husikia kitu kinachofanya kazi bila kuamrishwa. Kwa maji yaliyofanyiwa kazi lugha ina maneno mengine: kisima huchimbwa, birika hujengwa, hodhi hujazwa, maji ya kisimani hutekwa. Kwa hiyo anayeiita Aganippe ya Lidingö chemchemi amekwisha kuikubali hoja ya Milles kabla ya kuijadili. Juu ya jabali lile maji huja kwa bomba, na katika miezi ya barafu bustani za huko hufungiwa maji ili mabomba yasipasuke. Wakati huo mwanamke wa shaba amelala ukingoni mwa bwawa kavu, na wanaume watano wanakimbia juu ya hewa tupu. Sura hiyo ya majira ya baridi haimo katika nia ya msanii, lakini ni kweli zaidi kuliko ile ya kiangazi: inaonyesha kwamba aliyefungua maji hakuwa pepo.

Neno la pili ni sanaa. Limetoka katika Kiarabu, ambako mzizi wake unahusu kutengeneza kitu kwa mikono na kwa ujuzi. Katika Kiswahili halijaikana asili yake: kazi ya mlango wa Lamu ni sanaa, na aliyeuchonga ni fundi bila ya neno hilo kumshusha hadhi. Lile lango ambalo Milles alilivunja kwa nguvu ili mchongaji apite, katika lugha hii halikuwahi kufungwa. Neno la tatu ni tunga. Shanga hutungwa, samaki hutungwa ugweni, na utenzi hutungwa. Mtunzi ni mtu mwenye uzi mkononi. Ni kweli kwamba mimba nayo hutunga, na jipu hutunga usaha, mambo ambayo hayangoji fundi. Ni kweli vilevile kwamba Kiswahili kina kipawa, kitu ambacho mtu hupawa, na hapo lugha inakubaliana na Helikoni. Haidaiwi hapa kwamba Waswahili hawana fikra ya sanaa kama karama. Linalodaiwa ni kwamba fikra hiyo haijaruhusiwa kuifuta ile nyingine.

Ushahidi mzuri uko katika mwanzo wa tenzi. Ni desturi mashuhuri kwamba mtunzi, baada ya kumtaja Mungu, huagiza wino na karatasi aletewe. Wahakiki wengi wameipita desturi hii kama urembo wa kufungulia. Ikiwekwa karibu na Aganippe haionekani tena kuwa urembo. Mtunzi anaomba msaada wa Mwenyezi, na hapo ana Helikoni yake; lakini papo hapo anaomba kalamu, na anayemletea kalamu anaingia ndani ya shairi. Mwana Kupona binti Msham, katika utendi aliomtungia binti yake mwaka 1858, anamwagiza binti huyo huyo alete wino na karatasi kabla ya kuanza kumwusia. Mtunzi ni mwanamke, msaidizi ni mwanamke, vyombo vya kazi vimetajwa, ugonjwa wa mtunzi umetajwa, na hakuna kilichopungua katika utukufu wa kazi. Milles, pamoja na ustadi wake wote, hakupata nafasi ya kuweka hata tindo moja ukingoni mwa bwawa.

Inafaa kukumbusha kwamba mwaka 1963 neno hili lilipewa taasisi jijini Nairobi, pale Ezekiel Mphahlele, mwandishi kutoka Afrika Kusini, alipoanzisha kituo cha sanaa kilichoitwa Chemchemi. Kituo hakikudumu miaka mingi. Jina lilikuwa na maana ya Helikoni, kwamba utunzi umo ndani ya watu na ukifunguliwa utabubujika. Lakini kazi ya kituo ilikuwa ya kisima: kuwakalisha vijana pamoja, kusoma maandishi yao, kuyasahihisha, kuwarudisha wakaandike upya. Yeyote aliyewahi kufundisha utunzi anajua ni lipi kati ya mawili hayo linalochukua muda.

Hatima ya sanamu zenyewe imeongeza uzito ambao Milles hakuutia. Huko New York hazikuagizwa kwa ajili ya ukumbi wa maonyesho, bali kwa ajili ya bwawa lililokuwa katikati ya mkahawa wa makumbusho, mahali palipopambwa upya na Dorothy Draper katika mwaka 1954. Wasanii watano waliokunywa maji ya miungu wakawa wanakimbia kati ya meza za watu wanaokunywa kahawa. Wapo watakaoona kwamba hilo ni tusi. Pengine si tusi. Pengine palikuwa mahali pa ukweli kuliko yalivyotarajiwa, kwa sababu mkahawani hakuna anayeweza kusahau kwamba kuna mtu anayepika na mtu anayeosha vikombe. Lakini mitindo hubadilika. Katika miaka ya 1980 sanamu zilihamishiwa Brookgreen, na ukumbi ule ulirudishwa baadaye kuwa ua wa sanamu za Wayunani na Warumi, uliofunguliwa mwaka 2007. Wanaume watano wakamfuata mwanamke wao kusini.

Brookgreen ilianzishwa mwaka 1931 na Archer Huntington na mkewe Anna Hyatt Huntington, ambaye alikuwa mchongaji mwenye jina. Nyumba yao ya majira ya baridi, Atalaya, yenye karakana ya Anna, iko ng'ambo ya barabara, ufukweni mwa bahari. Kwa hiyo Aganippe ilitoka katika mkahawa ikaangukia tena katika bustani ya msanii, kama lilivyo toleo lake la Lidingö. Ila ardhi ya Brookgreen ina historia ambayo jabali la Lidingö halina. Bustani hiyo imewekwa juu ya mashamba manne ya zamani ya mpunga. Katika miaka ya kati ya karne ya kumi na tisa mwenye shamba la Brookgreen, Joshua John Ward, alikuwa na watumwa zaidi ya 1,000, na hutajwa kuwa mmiliki mkubwa kuliko wote katika historia ya utumwa wa Marekani.

Mpunga wa pwani ile ulikuwa kazi ya maji. Watumwa walikata misitu ya vinamasi, wakang'oa visiki, wakajenga kingo za udongo kwa maili nyingi kandokando ya mito, wakatia ndani yake milango ya mbao. Bahari ilipojaa iliyasukuma nyuma maji matamu ya mto, na mlango ukifunguliwa kwa wakati wake maji yaliingia shambani. Bahari ilipokupwa yalitolewa. Anayekosea saa huingiza maji ya chumvi na kuua zao zima. Wengi waliofanya kazi hiyo walitoka, wao au wazazi wao, katika nchi za Afrika Magharibi ambako mpunga ulilimwa kwa ujuzi mkubwa tangu kale, na ujuzi wao ulikuwa sehemu ya kile walichonyang'anywa. Walilima ndani ya maji hayo, wakaugua ndani yake, wakafa.

Watu hao walikuwa na sanaa, na iliyo wazi kuliko zote ni lugha. Wazao wao huitwa Gullah, na lugha yao kwa muda mrefu ilidhaniwa kuwa Kiingereza kilichoharibika, hadi Lorenzo Dow Turner alipochapisha utafiti wake mwaka 1949 na kuonyesha kwa maelfu ya majina na maneno kwamba asili zake ziko katika lugha za Afrika, kuanzia Senegal hadi Angola, lugha za Kibantu zikiwamo. Mwaka huo Milles alikuwa bado Michigan. Hakuna uhusiano kati ya watu wawili hao, ila huu: mmoja alikuwa akionyesha wanaume watano wakirudi kutoka kwa chanzo cha sanaa, na mwingine alikuwa akionyesha, kwa kinasa sauti na daftari, sanaa ya maelfu ya watu ambao hakuna aliyewapa cha kunywa.

Itapingwa kwamba sanamu haiwajibiki kwa mahali ilipopelekwa, na kwamba Milles alikufa bila kujua kuwa Aganippe yake ingefika katika mashamba ya mpunga. Pingamizi hili lina nguvu likielekezwa kwa msanii kama mtu. Likielekezwa kwa kazi yake halina nguvu, na hapa ndipo funzo la fasihi simulizi linapohitajika: maana haikufungiwa katika kalibu. Ngano iliyosimuliwa arusini ikisimuliwa matangani hubeba jambo jingine, hata kama hakuna neno lililobadilika. Lidingö, Aganippe ni ndoto ya mzee mmoja nyumbani kwake, seremala aliyejipandisha mlimani. Mtu anaweza kuicheka kidogo na kumpenda mwenyewe. Brookgreen, maneno yale yale yanatamkwa mbele ya ardhi inayojua jinsi maji yanavyoletwa. Anayesema hapo kwamba maji ya uzuri hutoka bure kwa mungu aliyelala, anawaambia hivyo waliochimba.

Kuhusu istilahi, pengine wakati umefika wa kuyatenga mambo mawili ambayo kamusi zimeyachanganya. Chemchemi ibaki kuwa maji yanayojitokeza ardhini. Chombo cha bustanini kilichojengwa na kutiwa bomba kinaweza kuitwa birika la sanamu, au hodhi la kuchongwa, majina mazito kidogo ulimini lakini yenye mtu ndani yake. Jina la Aganippe halitapoteza kitu kwa kuitwa birika. Waswahili wa miji ya mawe walijenga birika zao kwa ustadi, wakapachika bakuli za kaure chini yake, na hakuna aliyedhani kwamba ni kazi duni kwa kuwa ilijengwa.

Wenye Brookgreen wenyewe wameanza kuizungumza historia ya mahali pao. Katika njia ya miguu inayopita kando ya mashamba ya kale ya mpunga zimesimamishwa sanamu nne za chuma kisichoshika kutu: mwenye shamba, msimamizi, mtumwa wa kiume na mtumwa wa kike. Ni za bapa za chuma kilichokatwa, hazina ujazo wala wepesi wa shaba ya Milles, na kwa kipimo cha fani zimeachwa mbali. Hazina maji yaliyorushwa kuzizunguka. Nyuma yake kuna ukingo wa udongo, na ng'ambo ya ukingo uko mto. Kutoka hapo hadi kwenye bwawa la wasanii watano ni mwendo wa dakika chache, ndani ya bustani ile ile moja.